Mpango Usiokataa Kitu

Mama mmoja anayefanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu cha umma, mbali na Nairobi, alinionyesha hati yake ya mshahara. Alikuwa ameikunja mara nne na kuitia mkobani pamoja na kadi ya sacco ya wafanyakazi. Hati yenyewe ilikuwa nadhifu. Juu kulikuwa na mshahara wa msingi na marupurupu ya nyumba. Chini yake makato: kodi ya mapato, bima ya afya, malipo ya uzeeni, akiba ya sacco, mkopo wa sacco. Kila mstari ulikuwa na kiasi chake, na kila kiasi kilikuwa kimeshatolewa. Kisha akafungua simu na kunisomea ujumbe uliotoka sacco. Ulisema hajalipa mkopo wake kwa miezi saba, na kwamba wadhamini wake watatu wataanza kukatwa badala yake. Pesa zilizotolewa kwenye mshahara wake hazikufika zilikotumwa. Mwajiri alizikata, akazitumia kwa jambo jingine.

"Kazini mimi nalipa kila mwezi," aliniambia. "Kwenye sacco mimi ni mdaiwa. Na wadhamini wangu ni watu ninaokaa nao meza moja."

Chuo hicho sikitaji, na hakimo katika simulizi inayofuata. Ningeweza kuweka kingine mahali pake na hati ingebaki ileile. Ninachotaka kusema ni kwamba chuo hicho kina mpango mkakati wa miaka mitano, na nimeusoma wote. Una jalada linalong'aa, picha ya mahafali, dira, dhamira, maadili ya msingi, jedwali la utekelezaji lenye kurasa nyingi kuliko sura zote zilizolitangulia. Umetaja ubora wa kimataifa, ubunifu, utafiti, mabadiliko ya kidijitali, usawa wa jinsia, utunzaji wa mazingira. Makato ya wafanyakazi ambayo hayajawasilishwa hayamo. Nilitafuta.

Kati ya karatasi hizi mbili, hati ya mshahara ndiyo inayosema ukweli kuhusu taasisi. Inaonyesha chuo kimeamua nini pesa zilipopungua: nani alipwe leo, nani asubiri, na nani asiambiwe kwamba anasubirishwa. Uamuzi wa namna hiyo ndio mkakati. Kwa miaka mingi sasa, vyuo vikuu vya umma vya Kenya vimekuwa na mkakati mmoja unaotekelezwa bila kuandikwa, na mwingine ulioandikwa bila kutekelezwa.

Chuo Kikuu cha Moi ndicho mfano ambao wasomaji wengi wanaujua, na habari zake ziko hadharani. Mapema mwezi wa Oktoba 2024 kilifungwa kwa muda usiojulikana kwa sababu ya mgomo wa wafanyakazi, na mgomo huo ukadumu zaidi ya miezi miwili. Walidai mambo yaleyale ya mama wa maktaba: makato yasiyowasilishwa, malipo ya uzeeni, nyongeza zilizokubaliwa kwenye mikataba ya pamoja na kuachwa zikilimbikizana. Wanafunzi waliondoka. Wenye vyumba vya kupangisha nje ya lango walibaki na makufuli, na wauza chai na chapati walibaki na unga. Ukitaka kujua chuo cha mkoani kina maana gani kwa mahali kilipo, nenda kikiwa kimefungwa.

Inauma zaidi kwa sababu chuo hiki hakikuanzishwa ovyo. Mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza haja ya chuo kikuu cha pili, ikiongozwa na Colin Mackay, Mkanada aliyewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha New Brunswick. Wakenya wanaikumbuka tume hiyo kwa sababu ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, na mjadala wa mfumo huo umefunika jambo la kwanza la tume. Kuhusu chuo cha pili, tume ilisema kiwe tofauti na cha kwanza. Kielekee teknolojia na sayansi zenye matumizi, kijihusishe na mazingira na maisha ya vijijini, na kijengwe mashambani badala ya jijini. Hilo lilikuwa jibu kamili la swali ambalo kila chuo hulazimika kujibu: kiko kwa ajili ya nini ambacho kingine hakifanyi?

Sheria ya kukianzisha ilipitishwa mwaka 1984. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 83, wote wa misitu, waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Kampasi kuu ikajengwa Kesses, kilomita zipatazo 35 kutoka mjini Eldoret, kwenye nyanda za juu za Uasin Gishu, katikati ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Baridi ya asubuhi pale humfanya mtu wa pwani ajute kutobeba sweta. Masomo yalifuata maneno ya tume: misitu na wanyamapori, mazingira, uhandisi ukiwemo wa nguo, sayansi ya habari, na baadaye udaktari. Uhandisi wa nguo haukuwekwa pale kwa bahati, maana Eldoret ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Mtu aliyeuliza kwa nini asome Eldoret badala ya Nairobi alikuwa na la kuambiwa.

Shinikizo la kwanza lilikuja mapema. Mwaka 1990 kundi la kwanza la 8-4-4 lilifika vyuoni, na taifa likataka nafasi kwa maelfu ambao vyumba vyao havikuwa vimejengwa. Mwaka huohuo Maseno ikawa chuo kishiriki cha Moi. Chuo cha ualimu cha Chepkoilel, upande wa pili wa mji, kilichukuliwa kuwa kampasi, na misitu na sayansi zikahamia huko. Baadaye vikaja vyuo vishiriki vya Narok, Kabianga, Karatina, Rongo na Garissa. Moi ikawa mlezi wa vyuo, na ulezi ule una heshima yake. Magaidi walipoua watu 148 Garissa mwezi wa Aprili 2015, wanafunzi walionusurika walipokewa Eldoret na kuendelea na masomo. Hakuna mpango mkakati ulioandika kwamba siku moja chuo kitahitajika kwa kazi kama hiyo, na kazi ilifanyika.

Lakini malezi yana gharama ambayo hesabu hazikuionyesha. Sheria ya Vyuo Vikuu ilipotoka mwaka 2012, serikali ilipandisha hadhi vyuo vishiriki karibu vyote kwa mkupuo. Vyuo vikuu vya umma vikatoka 7 hadi 22 katika muda wa miezi michache, na Chepkoilel ikawa Chuo Kikuu cha Eldoret. Misitu ikaondoka nayo. Soma hilo polepole: idara ambayo chuo kilizaliwa nayo, ile ya wanafunzi 83, ikawa ya chuo jirani. Mlezi akabaki na jina, na ikabidi aanze upya kujenga sayansi kule Kesses.

Wakati kama huo ndio ambao taasisi hukaa chini na kujiuliza. Tumepoteza nusu ya sababu iliyotuleta hapa. Sasa sisi ni nani? Swali hilo halikuulizwa kwa uzito uliostahili, na sababu ni kwamba pesa zilikuwa zikiingia.

Zilikuwa zikiingia kupitia Moduli ya Pili. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mwaka 1998 kuwapokea wanafunzi wa kujilipia karo kamili, na vyuo vingine vikafuata. Kwa karne iliyokuwa ikianza, huo ulikuwa mgodi. Mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa miaka ya 1990 na kisichoguswa tena kwa sababu hakuna mwanasiasa aliyethubutu. Mwanafunzi wa kujilipia alileta mara kadhaa ya hapo, taslimu, na hakuna Hazina ya kusubiri. Vyuo vikafungua kampasi juu ya maduka na benki. Moi ilikwenda Nairobi, Mombasa, Kitale, Kericho na Yala. Kozi zilizofunguliwa huko hazikuwa misitu wala uhandisi wa nguo, kwa sababu huwezi kufundisha uhandisi wa nguo ghorofa ya tatu mkabala na stendi ya matatu. Zilikuwa biashara, ualimu, usimamizi wa rasilimaliwatu, sheria: kozi zinazohitaji ubao, viti na mhadhiri wa muda.

Siwalaumu wazazi waliouza shamba kumlipia mtoto kozi hizo. Mtoto aliyekosa nafasi kwa alama moja alistahili mlango mwingine. Ninachopima ni athari yake ndani ya chuo. Pesa za Moduli ya Pili zilikuwa za msimu, na chuo kikazifanya za kudumu. Kiliajiri watu wa kudumu kwa mapato ya kubahatisha. Vyuo vyote vikafuata kozi zilezile, maana zilikuwa rahisi na zilipendwa, hata Kisii, Eldoret, Maseno na Moi vikawa vinauza bidhaa moja kwa mnunuzi mmoja. Mwaka 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliamuru Chuo Kikuu cha Kisii kifunge kampasi zake 10. Kulikuwa na kelele nyingi wakati ule. Leo ni vigumu kusema tume ilikosea.

Kisha mgodi ukafunga. Tarehe ni Desemba 2016, matokeo ya kwanza ya mtihani wa KCSE baada ya Fred Matiang'i, waziri wa elimu wa wakati huo, kuziba mianya ya wizi wa mitihani. Mwaka uliotangulia, watahiniwa zaidi ya 165,000 walikuwa wamepata alama ya C+ na kwenda juu, ambayo ndiyo tiketi ya chuo kikuu. Mwaka 2016 walikuwa 88,929. Waliopata A nchi nzima walikuwa 141. Mwaka 2017 idadi ya C+ ikashuka tena hadi zaidi kidogo ya 70,000. Sasa kila aliyefuzu angeweza kupewa nafasi ya serikali, na wakati huohuo serikali ilianza kuwapeleka baadhi yao vyuo vya kibinafsi kwa gharama yake. Kundi la wanafunzi waliokosa nafasi na wenye pesa za kujilipia likayeyuka katika misimu miwili ya udahili. Wengine wanasimulia hili kama ajali. Mimi naliona kama mtihani ambao vyuo vilikuwa na miaka kumi na minane ya kujiandaa nao, maana kila mtu aliyekaa katika ofisi ya usajili alijua kwamba alama za shule fulani zilikuwa za kushangaza.

Serikali nayo haiwezi kunawa mikono. Mfumo wa ufadhili ulioanza karibu na wakati huo uliahidi kwamba Hazina ingelipa asilimia 80 ya gharama halisi ya kila kozi. Miaka michache baadaye ilikuwa ikilipa karibu nusu tu. Serikali hiyohiyo ilikaa mezani na vyama vya wahadhiri na wafanyakazi, ikasaini nyongeza za mishahara, kisha ikaviachia vyuo mzigo wa kutafuta pesa zenyewe. Kufikia mwaka 2022 madeni ya vyuo vya umma yalikuwa yakitajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 60. Mwezi wa Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mwingine, ambao msaada unamfuata mwanafunzi mmojammoja kulingana na uwezo wa familia yake. Mahakama Kuu iliubatilisha mwezi wa Desemba 2024, na Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo miezi michache baadaye. Fikiria unapanga bajeti ya miaka mitano juu ya ardhi inayohama namna hiyo. Mkuu wa chuo anayesema hawezi kupanga kwa sababu serikali haitabiriki anasema kweli.

Ila kweli hiyo ina mpaka. Serikali ilipunguza pesa kwa vyuo vyote, na havikuanguka vyote kwa kasi moja. Tofauti ilitokana na kile chuo kilichofanya na shilingi iliyobaki. Na hapo ndipo mpango mkakati unapopaswa kuhojiwa, kwa sababu ni hati pekee inayodai kuwa jibu.

Jinsi unavyoandikwa inaeleza mengi. Tangu mikataba ya utendakazi ianze kutumika katika mashirika ya umma kuanzia mwaka 2003, kila chuo hutakiwa kuwa na mpango, na sasa lazima uoane na Ruwaza ya 2030 na mpango wa muda wa kati wa serikali. Mwongozo hutoka Nairobi. Wa kizazi cha tano, kwa jinsi unavyoitwa, unahusu miaka ya 2023 hadi 2027. Unaeleza sura ziwe ngapi na zifuatane vipi. Chuo kinachofundisha udaktari, chuo cha baharini na bodi ya majani chai hujaza fomu moja. Mwisho wa mwaka mtathmini huja na kuuliza kama mpango upo. Upo. Alama zinatolewa.

Niliwahi kukaa katika warsha moja ya kuandika mpango kama huo, kwenye hoteli kando ya Ziwa Naivasha, siku tatu. Mwezeshaji alibandika karatasi nne ukutani: uwezo, udhaifu, fursa, vitisho. Tuligawanywa makundi, tukapewa kalamu za wino mzito. Karatasi ya uwezo ilijaa kabla ya chai ya saa nne: ardhi ya kutosha, wahadhiri wenye shahada za uzamivu, jina zuri. Ile ya udhaifu iliandikwa "uhaba wa fedha" kwa mikono mitano tofauti. Siku ya pili alasiri fundi wa maabara, mzee aliyekuwa amekaa kimya karibu na dirisha, aliinua mkono. Alisema, "Tumeandika mambo arobaini tutakayofanya. Naomba tuandike matatu tutakayoacha." Mwezeshaji akasema ni swali zuri na tutalirudia. Muda haukutosha. Katika hati iliyochapishwa, mambo arobaini yaliongezeka yakawa hamsini na kitu, kwa sababu kila mkuu wa kitivo aliyesoma rasimu alihakikisha kitivo chake kimo.

Swali la yule mzee ndilo kiini cha jambo lote. Mpango usiokataa kitu ni orodha ya matumaini ya watu waliokuwa chumbani. Henry Mintzberg wa Chuo Kikuu cha McGill aliandika mwaka 1994 kitabu kizima kuonyesha kwamba kupanga na kuwa na mkakati ni mambo mawili: kupanga hugawanya kazi iliyokwishajulikana vipande vipande, na mkakati ni kuona kwa pamoja ni kazi ipi. Vyuo vyetu vimejifunza kugawanya. Jedwali la utekelezaji lina shughuli, kiashiria, mwaka, afisa mhusika na gharama. Ukijumlisha safu ya gharama katika mipango niliyoisoma, jumla hupita mapato ya chuo kwa mbali, na pengo hujazwa kwa maneno "washirika wa maendeleo". Hakuna mtu anayeamini mstari huo, hata aliyeuandika. Unaandikwa kwa sababu bila huo ingebidi mtu achague.

Na kuchagua ni kugumu kwa sababu ambayo haijaandikwa katika karatasi yoyote ya ukutani. Chuo cha mkoani nchini Kenya ni mwajiri mkubwa kuliko wote mahali kilipo. Kinanunua maziwa, mboga, kuni na ulinzi. Wanasiasa wa eneo hukihesabu kama mali ya jamii yao. Mwezi wa Septemba 2016, Profesa Laban Ayiro alipoteuliwa kukaimu nafasi ya Naibu Chansela wa Moi, viongozi wa eneo waliongoza maandamano hadi chuoni kumkataa, hoja yao ikiwa kwamba mwenyeji ndiye anayestahili. Tusiseme hilo ni tatizo la Eldoret peke yake. Maseno, Kisii, Egerton na vinginevyo vina hadithi zake. Lakini angalia linavyofanya kazi ndani. Mkuu aliyepewa kiti kwa msaada wa wenyeji hawezi kuwaambia wenyeji kwamba kozi nne zitafungwa na watu mia mbili hawatahitajika. Aliyekataliwa na wenyeji hawezi pia, kwa sababu ataambiwa ndiyo sababu alikataliwa. Kwa hiyo wote wawili wanaongeza. Wanaajiri walinzi, makarani, watunza bustani, na safu ya mishahara inapanda huku ile ya wanafunzi ikishuka.

Moi ilijaribu pia kutoka kwa njia ya viwanda. Mwaka 2007 ilikinunua Rivatex, kiwanda cha nguo cha Eldoret kilichokuwa kimekufa, ikiwa na wazo zuri kabisa: wanafunzi wa uhandisi wa nguo wajifunze pale wanapofanya kazi, wakulima wa pamba wapate mnunuzi. Ilichukua miaka kumi na miwili na mkopo kutoka India kabla ya Rais Uhuru Kenyatta kukizindua upya mwaka 2019. Katikati, chuo kikaingia pia kwenye kandarasi ya kuunganisha vishikwambi vya shule za msingi. Nalitaja hili kwa sababu Rivatex, tofauti na kampasi za jijini, ilikuwa inalingana na maneno ya tume ya Mackay. Kama chuo kingelikuwa kimeamua kwamba nguo na teknolojia ya kilimo ndiyo sura yake na kuacha vitu kumi vingine, kiwanda kile kingekuwa moyo wake. Kikawa mzigo wa kumi na moja.

Kuna upande mmoja wa chuo hicho ambao umesimama, nao unastahili kutazamwa kwa karibu kuliko wakuu wetu wanavyoutazama. Ni kitivo cha udaktari, mjini, kando ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Kilipoanza kupokea wanafunzi mwaka 1990 kilikuwa na mambo machache na yaliyo wazi. Wanafunzi wangejifunza kwa kutatua visa vya wagonjwa, wangepelekwa vijijini kila mwaka kuishi na kufanya kazi na jamii, na kitivo kingekuwa na mshirika wa muda mrefu, Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ukimwi ulipofika kileleni, ushirikiano huo ukazaa AMPATH mwaka 2001, mpango uliotoa dawa kwa wagonjwa wa magharibi mwa Kenya wakati ambapo wengi duniani walikuwa bado wanabishana kama Mwafrika anaweza kumeza vidonge kwa saa. Wahudumu waligundua kwamba mgonjwa mwenye njaa hawezi kustahimili dawa, wakaanza kulima chakula. Hilo halikuwa katika jedwali lolote. Lilitokana na watu waliojua wako pale kwa ajili ya nini, kiasi kwamba jambo jipya lilipotokea walijua kama ni lao au si lao.

Wapo watakaosema kitivo hicho kimesimama kwa pesa za wafadhili. Pesa zilisaidia, na zinapokatwa tutaona mengi. Ila wafadhili walikuja kwa sababu walikuta kitu chenye umbo.

Sasa, ningependa nini kiandikwe? Baraza la chuo linaweza kuanza na kurasa tatu badala ya mia moja na ishirini. Ukurasa wa kwanza uwe wa madeni, yote, yakipangwa kwa aliye mnyonge zaidi: makato ya sacco na ya uzeeni kwanza, kisha wahadhiri wa muda, kisha wauzaji wadogo wa vyakula, benki na mashirika makubwa mwisho. Leo mpangilio ni kinyume, kwa sababu benki ina wakili na mama wa maktaba hana. Ukurasa wa pili uwe orodha ya kozi zitakazofungwa, zikitajwa kwa majina, pamoja na mahali wanafunzi waliomo watakapomalizia. Chuo Kikuu cha Eldoret kiko upande wa pili wa mji uleule. Kozi mbili zinazofanana ndani ya mwendo wa saa moja wa matatu, zote zikiwa na madarasa nusu tupu, ni jambo ambalo seneti mbili zinaweza kulimaliza bila kusubiri waziri. Ukurasa wa tatu useme chuo kitakuwa nini baada ya hapo, kwa sentensi ambayo mkulima wa Kesses akisomewa atajua inazungumzia hapo na si Nairobi.

Kurasa hizo zitaleta maumivu, na si haki yaangukie wasafishaji na makarani peke yao. Kupunguza watu kuna njia za kibinadamu: kutojaza nafasi za wanaostaafu, kuhamishia watumishi kaunti na shule zinazohitaji, kulipa haki zote kabla mtu hajaondoka. Njia hizo zinachukua miaka. Ndiyo maana zilipaswa kuanza mwaka 2017, wakati idadi za C+ zilikuwa zimekwisha kutoka mara mbili mfululizo na hakuna aliyeweza kudai hajaziona.

Mwaka 2025 wahadhiri wa nchi nzima waligoma tena, siku 49, hadi mwezi wa Novemba. Walirudi kazini na ahadi ya shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa pamoja wa miaka ya 2017 hadi 2021, kwa mafungu mawili. Ni deni la nyongeza walizostahili miaka mingi iliyopita. Vyuo vilifunguliwa, ratiba zikasogezwa, na mipango ya kizazi cha tano iko kwenye rafu ikisubiri tathmini ya kati.

Mama wa maktaba nilimpigia simu wiki iliyopita. Miezi minne ya makato yake imewasilishwa, mitatu bado. Sacco imemwondoa kwenye orodha ya wadaiwa sugu, lakini mkopo mpya hapati hadi yote yaishe, na mwanawe wa pili anaingia chuo mwezi wa Septemba. Amebakiza miaka miwili astaafu. Aliniuliza kama najua mtu yeyote katika ofisi ya fedha anayeweza kumwambia kama michango yake ya uzeeni ya mwaka 2023 ilipelekwa. Amekwenda mara tatu; kila mara karani humwambia faili liko kwa mkuu wa idara. Nimempa jina la mtu mmoja. Atakwenda Jumatatu.